Naomba ushauri: nitautambuaje uwepo wa Mungu katika shughuli za kila siku?

Wapendwa katika Kristo, naomba ushauri wenu. Katika ibada, Neno linapohubiriwa, sina shida kuamini kwamba Mungu yupo kati yetu. Ugumu huanza siku za kazi, ninapofua, ninapojibu simu za wateja au ninapomkanda mama yangu miguu iliyovimba, kwa sababu saa nyingi hupita bila mimi kumkumbuka Mungu hata kidogo.

Nimesoma habari za Yakobo kule Betheli, aliyeamka usingizini na kukiri kwamba Bwana yupo mahali pale naye hakujua (Mwanzo 28:16), na za Eliya kule Horebu, ambako Bwana hakuwamo katika upepo, wala tetemeko, wala moto, bali baada ya moto ikaja sauti ndogo ya utulivu. Habari ya Eliya ndiyo inayonigusa zaidi, kwani naona wengi wetu, nami nikiwamo, tunasubiri moto. Swali langu ni hili: ile amani inayonijia ghafla nikiwa nakanda miguu ya mama, nitajuaje kwamba ni Yeye, wala si nafuu ya kawaida ya mwili uliochoka?

Ninyi mliouguza, au mnaofanya kazi zisizo na nafasi ya kutulia, huwa mnaombaje katikati ya shughuli? Je, kuipitia siku yote mbele za Mungu kabla ya kulala, kama alivyofundisha Mtakatifu Inyasi wa Loyola, kumewasaidia? Nitashukuru pia mkinitajia maandiko mnayoyategemea.