Kuhamia Banff peke yangu kwa kazi ya msimu wa theluji

Shikamooni wakubwa zangu. Nimekulia Arusha, na tangu mwezi wa sita nipo Vancouver. Nimepata kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli moja mjini Banff, kuanzia Novemba hadi Aprili. Nitasafiri peke yangu na sina ninayemfahamu kule. Kila mwenye nyumba ninayemwandikia kuhusu chumba huniuliza kwanza nitafanya kazi wapi, jambo ambalo Vancouver sikuulizwa. Naomba anayeufahamu mji huo anieleze nianzie wapi.

*

Marahaba, mdogo wangu. Nilifanya kazi Banff misimu miwili kabla ya kuhamia Calgary, na swali hilo la wenye nyumba ndilo msingi wa yote. Mji wa Banff umo ndani ya hifadhi ya taifa, ya kwanza kabisa nchini Kanada, ambayo chanzo chake ni mwaka 1885, na ardhi yake ni ya serikali, kiasi kwamba hata mwenye nyumba amekodishwa tu kiwanja. Kanuni za hifadhi hazimruhusu mtu kuhamia pale kwa sababu ameipenda milima. Ni lazima awe na sababu inayotambuliwa, na kwa watu kama sisi sababu hiyo kwa kawaida ni kazi ndani ya hifadhi. Ndiyo maana kule chumba hufuata kazi. Waajiri wengi wana mabweni ya wafanyakazi, na kodi hukatwa kwenye mshahara.

Kwa hiyo nakusihi usipande basi kabla hujapata kwa maandishi kama kitanda kipo, mtalala wangapi chumbani, utakatwa kiasi gani, amana itarudishwa lini, na, kubwa kuliko yote, utapewa siku ngapi za kuhama kazi ikikoma. Mimi hilo la mwisho sikuuliza. Msimu wangu wa kwanza mwajiri alipunguza watu mwezi wa tatu, nikapewa siku 3 za kutoa mizigo yangu, na usiku ule kipimajoto kilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Aliyenisitiri ni mama mmoja Mfilipino tuliyefanya naye kazi ya kufua mashuka, ambaye alinilaza sebuleni kwake Canmore kwa wiki mbili na hakutaka hata senti yangu. Canmore uko nje ya hifadhi, mwendo mfupi kwa basi la umma liitwalo Roam, na kanuni ile haifiki huko, ingawa kodi zake ni kubwa mno. Tafuta mapema mtu wa namna hiyo, na umfahamu kabla hujamhitaji.

Kuhusu baridi, usiogope mwinuko. Banff uko mita 1,383 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na kwenu Arusha, na pumzi haitakusumbua mjini. Kitakachokusumbua ni ukavu wa hewa. Midomo hupasuka, na asubuhi unaweza kuamka na damu puani. Beba mafuta ya mgando ya kutosha na ujipake usoni kabla ya kutoka, na nywele zako zikauke kabisa, kwa sababu niliwahi kutoka na nywele mbichi na kabla sijafika kituoni zilikuwa zimekakamaa kama ufito. Soksi na nguo za ndani ziwe za sufu; pamba ikilowa jasho haikauki, nawe utatetemeka ndani ya koti la bei kubwa.

Hatari niliyoiona kwa macho yangu si milimani bali njiani. Katikati ya majira ya baridi huvuma upepo wa joto uitwao Chinook, theluji huyeyuka mchana mmoja, kisha usiku maji yale huganda na njia huwa kama kioo. Nunua yale meno ya chuma yanayovalishwa kwenye soli. Mimi nilianguka mlangoni pa chumba cha kufulia nikiwa nimebeba kikapu, na kiganja kilivimba hata sikuweza kukamua kitambaa kwa siku kumi. Kabla hujaondoka, uliza kadi yako ya afya ya British Columbia, mkoa uliopo sasa, itakulinda kwa muda gani ukiwa Alberta, mkoa uliko Banff.

Mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Anayeingia kazini alfajiri na kulala mchana anaweza kupitisha siku kadhaa bila kuliona, na moyo hulemewa polepole pasipo mtu kujua sababu. Panga na mtu mmoja akupigie simu siku maalumu kila wiki, na siku usipopokea, aanze kukutafuta. Mimi nilikuwa nikimpigia dada yangu Tanga kila Jumanne, na kuna Jumanne nyingi nilizoamka kwa ajili ya simu hiyo tu.

*

Naongeza machache kwa mdogo wetu, kwa kuwa ninaishi Canmore. Unga wa sembe, dagaa na viungo vinunue Calgary kama utapitia huko, maana kutoka pale hadi Banff ni kama kilomita 130 na hutarudi mara kwa mara. Ukikutana na elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, hata akiwa amesimama mlangoni pa bweni, kaa umbali wa mita 30 na umsubiri aondoke, ingawa utachelewa kazini; wasimamizi wa kule wanalielewa jambo hilo. Ipo pia ofisi ya kuwasaidia wahamiaji wa Bow Valley, yaani bonde lenye miji ya Banff na Canmore, ambayo hukusomea mkataba na kukusaidia kujaza fomu bila malipo. Mkataba wako upeleke huko kabla ya kuutia sahihi. Ukishajua siku na saa ya kufika, niandikie faragha, nami nitakuja kukupokea kituoni na buti za akiba. Ila niambie unavaa namba ngapi.