Tupeane uzoefu: kibao kinasema "Silaha haziruhusiwi", wewe yako uliiacha wapi?

Mnunuzi wa Mpunga (Tabora)

Mwangaluka wakuu.

Nina bastola yenye leseni tangu 2015. Biashara yangu ni mpunga na karanga, nazunguka Sikonge, Ipole hadi Urambo, na mkulima wa huko anataka pesa mkononi. Mwaka 2014 nilivamiwa njiani usiku, nikanyang'anywa mtaji wote na kupigwa bapa za panga mgongoni. Baada ya hapo nikaanza ule mzunguko mnaoujua wenye leseni: serikali ya mtaa, kata, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, polisi.

Kama raia awe na silaha au asiwe nayo, hilo tuliache kwa uzi mwingine. Hapa nataka tuongelee kibao, kile cha duara jekundu chenye bastola iliyopigwa mstari. Mimi nakikubali kabisa. Sitaki kusimama kwenye foleni ya benki na watu watano nyuma yangu wenye bastola viunoni. Ninachouliza ni kwamba kibao kinanizuia mlangoni halafu basi. Silaha niiweke wapi?

Msimu uliopita nilifika benki moja hapa mjini saa nane na nusu. Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akanipokea: "Shikamoo mzee. Hiyo acha kwenye gari." Gari langu liko chini ya mwembe, kioo cha nyuma hakipandi mpaka juu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inanitaka niitunze silaha salama muda wote, na ikiibwa kwa uzembe wangu nitakayehojiwa ni mimi, si yule kijana. Nikaomba kumwona meneja. Akaja, akasikiliza vizuri, akasema hawana mahali pa kuihifadhi. Nikageuza gari hadi polisi, nikaikabidhi, ikaandikwa kwenye kitabu, nikarudi. Mlango umeshafungwa. Wakulima wanne wa Ipole walilala bila pesa yao siku hiyo, na mmoja alikuwa anaitaka kwa ajili ya mgonjwa.

Niseme na hili. Miaka ya nyuma niliwahi kuiacha chini ya kiti cha gari, dakika kama ishirini hivi. Nilirudi nikaikuta, lakini nilipoishika mikono ilikuwa inatetemeka. Sijarudia.

Karibuni, kila mtu aseme lililompata. Wenye leseni, na hata mnaokaa upande wa ndani wa kibao.

Mwana wa Ujiji

Mkuu, mimi nilikutana nalo mahali pasipo na kibao.

Ijumaa moja nilitoka dukani Mwanga moja kwa moja kwenda kuswali, muda umenibana. Bastola kiunoni chini ya kanzu, na pochi yake ilikuwa imelegea kifungo. Kwenye rukuu ya kwanza ikachomoka, ikaanguka kwenye mkeka. Haikulia, namshukuru Mungu, lakini mzee wa pembeni yangu aliiona. Hakukata swala yake. Niliona tu mguu wake umesogea mbali na wangu. Mpaka leo nikikumbuka ule mguu nasikia uchungu.

Baada ya swala imamu aliniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Ungejisikiaje kama mtoto wako angekuwa safu ya nyuma?" Wiki hiyo hiyo nilinunua sanduku la chuma, fundi akalifunga ukutani kwa bolti, na funguo ni mimi tu ninazo. Ijumaa bastola haitoki. Msikitini kwetu hakuna kibao na sidhani kama kitawekwa.

Mama wa Urambo

Poleni jamani. Mimi si mwenye leseni, ni mjane wa aliyekuwa nayo.

Marehemu alikuwa na bunduki ya marisau, ya kulinda shamba na mifugo. Baada ya arobaini shemeji yangu akasema itabaki kwake kwa sababu ndiye mkubwa wa familia. Nilimheshimu, lakini nikaenda kwanza kwa mtendaji. Akanieleza kwamba leseni ni ya mtu, hairithiwi kama ng'ombe. Bunduki irudishwe polisi, na anayeitaka aombe kwa jina lake.

Basi nikaiviringisha kwenye kanga mbili na mkeka, nikapanda basi kwenda mjini. Kondakta akataka kuurusha mkeka wangu juu ya kerea. Nikaukumbatia, nikamwambia ni wa msiba. Sikujua kama ina risasi au haina! Niliogopa hata kuigusa upande ule wa kufyatulia. Basi limejaa, mtoto wa jirani yangu amelala kichwa kimegusa mkeka.

Kituoni askari aliponifungulia ule mkeka alikaa kimya, halafu akasema, "Mama, ungetupigia simu tungekuja kuichukua. Ungesimamishwa kwenye kizuizi ungesema nini?" Sikuwa na jibu. Akina mama wenzangu, waume wanapoondoka haya mambo tunaachiwa sisi. Msibebe. Piteni kwa mtendaji, polisi waje.

Mnunuzi wa Mpunga

Mama, pole sana kwa msiba na kwa hiyo safari. Kwa faida ya wengine, ilikuwa na risasi?

Mama wa Urambo

Mbili.

Mrina Asali

Huku kwetu kibao chenyewe hatukukielewa, na kilituumiza.

Sisi ni watu wa mizinga, tangu kwa mababu. Ugalla ilipokuwa pori la akiba tuliingia kwa vibali, kwa msimu. Mwaka 2019 ikawa hifadhi ya taifa, sheria ikawa nyingine. Mpwa wangu alifuata mizinga ya baba yake akiwa na shoka na panga. Njiani kulikuwa na kibao chenye picha ya bunduki iliyopigwa mstari. Akajua kinawahusu wenye bunduki, yeye hana, akapita. Askari wa hifadhi walipomkamata, shtaka mojawapo likawa kupatikana na silaha ndani ya hifadhi. Kijana anashangaa, silaha gani?

Kumbe kwenye sheria za wanyamapori panga ni silaha. Mkuki ni silaha, upinde ni silaha. Kwetu panga ni kama jembe tu. Sisemi asingekamatwa, maana kuingia bila kibali ni kosa. Nasema anayechora kibao amchoree mtu wa pale. Mtu wa Sikonge porini anabeba panga, basi chora panga.

Muuguzi wa Kibondo

Mimi nimo upande wa ndani wa kibao, kwa hiyo nisikilizeni na mimi.

Usiku mmoja baba aliingia zahanati yetu amembeba mtoto aliyeumwa na nyoka, na gobore begani. Alikuwa analinda mahindi. Chumba kizima kikanyamaza. Akina mama waliokuwa wanasubiri walitoka na watoto wao nje, gizani. Yule baba hata hakuelewa wanakimbia nini, macho yake yote kwa mwanawe. Nilimwomba gobore kwa sauti ya chini, akanipa bila neno. Nikalifungia kwenye stoo ya dawa, maana ndipo penye kufuli, nikaendelea na mtoto. Asubuhi nikamwita mtendaji. Gobore halikuwa na leseni, likaenda polisi. Mtoto alipona.

Kesho yake nilichukua boksi na kalamu nene nikaandika: "Silaha usiingie nayo. Mwambie muuguzi, akuelekeze pa kuiweka." Kiko mlangoni mpaka leo. Mpaka leo sijaona zahanati nyingine iliyoandika hiyo sentensi ya pili.

Kijana wa Kasulu, sasa Houston

Wakubwa shikamooni. Wazazi wangu walivuka kutoka Kongo 1996, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Sasa niko Texas, nafanya kazi ghalani.

Huku kibao kimeandikwa na sheria yenyewe. Kipo kinachoitwa 30.06, ni namba ya kifungu, kwa mwenye leseni aliyeificha bastola, cha 30.07 ni kwa anayeibeba ikionekana. Maneno hayabadilishwi, yanakuwa kwa Kiingereza na Kihispania, na herufi zisipungue inchi 1. Mwaka 2021 waliporuhusu watu wengi kubeba bastola bila leseni, cha 30.05 nacho kikaanza kuonekana milangoni. Baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonywewa hapo hapo inabandika hiyo "51%" kwa rangi nyekundu, na ukiingia na bastola ni kosa.

Yote hayo yamepimwa kwa rula, lakini swali la mwenye uzi liko pale pale. Watu wanaacha bastola kwenye magari. Mwenzangu kazini alivunjiwa kioo mchana kweupe na bastola ikaondoka. Anaulizwa na mkewe imekwenda kwa nani, hana la kumjibu. Dada muuguzi, hicho kibao chako cha boksi kina sentensi ambayo huku sijaiona.

Mwana wa Ujiji

Kwa wanaosafiri: uwanja wa ndege fika mapema, nenda kwa polisi wa uwanja kabla ya kaunta, toa leseni. Silaha itatolewa risasi na itasafiri kwenye mizigo ya chini, si na wewe. Mimi safari zangu zimekuwa za amani kwa sababu najitangaza mwenyewe kabla ya mashine ya ukaguzi.

Mnunuzi wa Mpunga

Nimesoma yote, ya mama wa Urambo mara mbili.

Dada muuguzi, sentensi yako nimeiazima. Leo nimerudi kwa yule meneja na pendekezo: kabati dogo la chuma nje ya ukumbi, karibu na mlinzi, lenye vyumba vinne na funguo. Mwenye silaha atoe risasi kwanza, afungie, abaki na ufunguo, mlinzi aandike jina na namba ya leseni. Polisi wapite kwanza waseme kama utaratibu unafaa. Fundi wa hapa Ng'ambo amenipa bei, nami niko tayari kuchangia nusu. Meneja amesema nilete kwa maandishi.

Barua ninayo mezani, naipeleka Jumatatu asubuhi. Wenye leseni mlioko Tabora mjini, anayetaka kutia saini anijulishe kabla ya Jumapili jioni.