Fonti ya mwandiko wa mkono iliyochakaa: Homemade Apple au Special Elite?

BiKonyo_Wete: Assalam aleikum. Nataka fonti ya lebo ya mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), ile kama imeandikwa kwa mkono zamani, wino umefifia na kingo zimelika. Nimebaki na hizo mbili. Keshokutwa napeleka kwa mchapaji, ipi nichukue?

fundi_stika: Waaleikum salaam. Chupa ukubwa gani? Karatasi gani? Hujasema hata kimoja. Halafu Special Elite si mwandiko wa mkono, ile taipureta iliyochakaa. Zote zipo Google Fonts kwa leseni ya Apache, biashara unafanya bila kulipa.

MtuWaMkoani: Mie fonti ya Rock Salt tu. Nene, inasomeka.

binti_mkunazini: Dada angalia tarakimu kwanza! Mie nilitengeneza kadi za harusi ya mdogo wangu kwa fonti ya namna hiyo, kwenye skrini nzuri wallahi, basi kuchapwa ile 7 kichwa kimelika ikawa kama 1, tarehe 17 ikasomeka 11, jamaa zetu wa Pemba wakapanda boti wakashuka bandarini Malindi, Unguja, na mizigo yao siku sita kabla, mama alilia, tukawa tunatafuta magodoro kwa majirani usiku. Tarehe ya kuisha weka fonti ya kawaida, nakuomba.

fundi_stika: Kweli kabisa. Na jengine, tazama o mbili za "makonyo", mkwaruzo ule ule pahala pale pale, mtu anajua hii kompyuta. Ligeuze neno liwe shepu (yaani mchoro, si herufi tena), o moja uikwangue kidogo.

kalamu_ya_tete: Yakhe, mwandiko wa kale wa kwetu ni herufi za Kiarabu, Kiswahili chenyewe kikiandikwa hivyo. Hizo za kulalia ni za Kizungu. Unataka ukale, weka jina kwa hati ya Kiarabu.

MtuWaMkoani: Na mnunuzi asiyeisoma je?

kalamu_ya_tete: Aweke zote mbili! Watoto madrasa wanasoma nini kwani?

MtuWaMkoani: Madrasa wanasoma Kiarabu, Kiswahili kwa herufi zile wangapi wanakiweza leo?

BiKonyo_Wete: Samahanini, chupa ya mililita 30, karatasi ya kahawia. Ninalo daftari la babu la hesabu za karafuu, mwandiko wake ndio hasa ninaoutaka.

binti_mkunazini: Subhanallah, si ndio ungeanza na hilo! Ipo tovuti ya Calligraphr, unajaza herufi kwenye karatasi yao, unaskani, inakuwa fonti yako.

fundi_stika: Kwa mililita 30 mikwaruzo midogo itaziba wino, karatasi ya kahawia inanyonya. Jina kubwa tu kwa mwandiko wa babu.

BiKonyo_Wete: Nishamwomba mchapaji anisubiri. Q na x hazimo daftarini, hizo sizihitaji, ila h kubwa sijaiona mpaka ukurasa wa arubaini.

MtuWaMkoani: Mafuta yenyewe chupa bei gani? Unaleta Unguja?