MREJESHO: Jogging yetu na ile bustani ya mtaa, Mwanza

Wadau mambo vipi. Mwezi uliopita niliuliza hapa, sisi wa jogging ya Jumamosi tuko kama 20, tunawezaje kusaidia bustani ya mboga ya akina mama bila kuwa kero, mkasema nendeni mkaongee nao kwanza. Asanteni aisee mmetuokoa.

Mama anayesimamia alitucheki na raba zetu akacheka, akasema nyie wote mtanikanyagia matuta, njooni watano watano. Basi ndo hivyo, tunakimbia kilomita 6 tunamalizia pale, saa moja ya kazi alafu tunasepa. Siku ya kwanza jamaa kang'oa mgagani tuta zima akijua ni magugu 😂 mpaka leo anaitwa Bwana Shamba.

Kazi yenyewe ni maji. Si mnajua milima ya Mwanza na mawe yake, sasa pandisha na ndoo ya lita 20 mara nane hivi uone, gym haioni ndani, mi nilishuka ngazi kinyumenyume siku mbili.

Na yule aliyeshauri magugu maji ya ziwani kwa kutandazia matuta, tumejaribu na udongo unakaa na unyevu kweli, ila yaanikeni mpaka yakauke kabisa, mabichi ni maji matupu na yakiguswa na maji tena yanaweza kuchipua.

Jumamosi hii zamu yangu, nimeagizwa marando ya matembele, mwenye nayo maeneo ya Buhongwa anicheki.