Tasi wanamaliza chambo, boya halitikisiki

Mtumbwi_Wesha: Asalam aleikum. Natafuta samaki tasi kwa mshipi wa boya, juu ya majani ya bahari, maji pima mbili na kitu. Boya ni kipande cha ndala ukubwa wa kiberiti, mshipi unene mm 0.35, ndoana namba 8, chubwi (risasi ya kuzamishia) shubiri moja juu ya ndoana, chambo donge la unga wa ngano. Boya limelala tu, nikivuta ndoana tupu. Kosa liko wapi?

Chelewa: Waalaikum salaam. Kosa ni boya, yakhe. Tasi si kolekole wa kumeza akakimbia. Yeye hudonoa, akihisi uzito anatema. Kipande chako kinaelea mno, mdomo ule hauwezi kukizamisha. Chonga ndala iwe nyembamba kama kalamu, sm 6, itoboe kwa sindano ya moto upitishe kijiti cha chelewa (uti wa jani la mnazi). Kisha lipime kwenye ndoo ya maji ya bahari, si ya kisima, maana maji chumvi huelesha zaidi. Bana vipande vya risasi kimoja kimoja, hadi ibaki ncha ya sm 1 juu. Kipande kidogo kabisa cha risasi kiwe sm 10 kutoka kwenye ndoana: tasi akiinua chambo, anakibeba na hicho, boya linapanda badala ya kuzama. Wengi husubiri lizame tu. Likipanda, vuta!

Bamvua: Hapo kwenye risasi naongeza: zilizobaki zikusanye mahali pamoja, sm 40 juu ya ndoana, ukitaka boya liteleze juu ya mshipi. Na liteleze, kwa sababu wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo) kujaa na kupwa hupishana hata mita 4, na katikati ya kujaa yanapanda karibu mita nzima kwa saa. Chambo ulichokiweka shubiri juu ya majani kinaachwa kinaning'inia juu huko. Chukua uzi mnene wa cherehani, uzungushe mara 5 juu ya mshipi uwe fundo la kulizuia boya, ulowanishe kwa mate ndipo ukaze; ukikaza kavu mshipi unaungua. Chini ya fundo ushanga, kisha boya, kisha risasi. Tundu la ushanga lipitishe mshipi, lisipitishe fundo. Kupima kina, ning'iniza chubwi zito kwenye ndoana: boya likizama, sogeza fundo juu, likilala, umezidisha. Rudia kila nusu saa.

Mwiba_13: Ndoana namba 8 ni kubwa kwa mdomo ule, tumia 12, na kipande cha chini cha mshipi kiwe mm 0.20. Donge ulikande na nyuzi kidogo za pamba, halitoki kwa mdono mmoja. Miba ya tasi ina sumu, mtoe kwa kitambaa. Ikikuchoma, loweka kidole katika maji ya moto unayoweza kuyastahimili.

Mtumbwi_Wesha: Nashukuruni. Na upepo wa kusi ukivuma?

Bamvua: Tazama povu lililo pembeni ya boya. Boya likilipita povu, ujue linaburutwa, na chambo kimeinuka kutoka kwenye majani. Mara nyingi ni mshipi uliolala juu ya maji ndio unaoshika upepo. Uinue taratibu uulaze upande unakotoka upepo, bila kulitikisa boya, kisha achia pima moja.