Prosesa imegota 800 MHz kwenye chaja, waifai inakatika kwenye betri

Swali
Wakuu, laptop ni Core i5 kizazi cha 6, kadi ya waifai RTL8723BE, Ubuntu 22.04, TLP (programu ya kuokoa betri) ipo. Nikichomeka chaja prosesa haivuki 800 MHz hata kwa kazi nzito, na `sensors` inasoma nyuzi 46 tu. Nikichomoa, kasi inarudi GHz 2 na ushei, ila waifai inaanza kukatika. Signali mezani pa ruta ni −82 dBm, yaani dhaifu sana. Governor (mpangilio wa kasi ya prosesa) nimeweka performance, wapi! Nirudi Windows?

Jibu 1
Windows haitakusaidia kwenye kasi, hilo ni la umeme. Kama chaja yako ina kisindano katikati ya pini, laptop husomea hapo wati za chaja. Kisindano kikipinda, waya wake ukikatika au chaja ikiwa feki, ubao mkuu wa laptop hauijui chaja na unaiamuru prosesa ishuke. Governor ni ombi tu mbele ya amri hiyo. Hakikisha hivi kwa kusoma rejista ya prosesa (rdmsr), chaja ikiwa imechomekwa:

`sudo apt install msr-tools`
`sudo modprobe msr`
`sudo rdmsr -f 2:2 0x19c`

Ikitoa 1 na joto ni hilo la 46, breki inatoka nje ya prosesa. Angalia pia BIOS, sehemu ya betri: chaja imeandikwa wati au Unknown?

Jibu 2
Waifai ina mambo mawili. Hiyo −82 ni antena: kadi hii ina matundu mawili, laptop nyingi zimefungwa waya mmoja, na draiva inasikiliza tundu tupu.

`sudo modprobe -r rtl8723be`
`sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2`
`iw dev wlp2s0 link`

(Jina la wlp2s0 lihakikishe kwa `iw dev`.) Isipopanda, rudia kwa ant_sel=1. Inayofaa iandike kwenye `/etc/modprobe.d/rtl8723be.conf` (fwlps=0 inazuia kadi kusinzia ili kuokoa umeme):

`options rtl8723be ant_sel=2 fwlps=0`

Kukatika kwenye betri ni TLP, yenyewe huilaza kadi ukichomoa. Kwenye `/etc/tlp.conf` weka `WIFI_PWR_ON_BAT=off`, kisha `sudo tlp start`. NetworkManager (programu inayosimamia mtandao) nayo ina wifi.powersave, hapo 2 ndiyo kuzima na 3 ni kuwasha, wengi wanageuza.

Mwuliza swali
ant_sel=2 imeleta −47, na kwenye betri haijakatika tena. rdmsr imetoa 1, BIOS inasema Unknown. Nasikia kuna wrmsr (amri ya kuandika kwenye rejista) ya kuizima hiyo breki?

Jibu 1
Ipo, rejista 0x1FC biti 0, ila Secure Boot (ulinzi wa BIOS wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa kerneli inakataa kuandika, na ukizima na kuwasha mashine breki inarudi. Tena chaja ikiwa kweli ni ndogo utaichemsha. Azima chaja orijino ujaribu kwanza. Ikibaki Unknown, kagua tundu la chaja kwenye laptop: modeli nyingi lina kiwaya chake kilichochomekwa kwenye ubao, unabadilisha bila kuchomelea.