Picha ya Gereza la Kilwa Kisiwani imepooza, naombeni ushauri

BintiLindi
Habari zenu wadau. Nina picha ya lile Gereza la Kilwa Kisiwani, ile ngome kongwe, nimeipiga kwa simu nikiwa kwenye boti tunatokea Kilwa Masoko, Desemba, mida ya saa sita mchana. Ukuta umetoka mweusi wenye ubuluu, anga nyeupe pe, na nusu nzima ya chini ni maji matupu. Mstari wa bahari nao umelala upande. Halafu kuna jamaa kavaa boya la njano kasimama pale mbele. Nataka kuichapisha A3, dada aitundike kwenye mgahawa wake. Nimepitisha filta zote za programu ya Snapseed, rangi zinapiga kelele tu. Nianzie wapi?

FundiPicha
Dada, hiyo uliyoweka hapa imeshapita WhatsApp, ina pikseli 1600 kwa 1200. Rudi kwenye ile ya asili iliyomo kwenye simu. Kama ni 4000 kwa 3000, kwenye A3 unapata kama doti 240 kwa inchi, na kwa picha ya kutazamwa ukiwa umekaa mezani inatosha kabisa. Ukiikata mpaka ukabaki na upana wa 2500, unashuka hadi 150 hivi, mawe yataanza kupoteza makali. Kwa hiyo nyoosha bahari kwanza, kisha punguza maji kwa kiasi. Kuta usizinyooshe kwa nguvu. Lile ni jengo la mawe ya matumbawe na chokaa, pembe zake hazikupigwa rula, na upande wa bahari ulishaliwa sana na mawimbi. Ukilazimisha kila kitu kisimame wima litaonekana limejengwa juzi.

KusiNaKaskazi
Nyongeza kidogo kuhusu ule weusi, maana simu yako haina kosa. Ukitokea Masoko unatazama kusini, yaani unaona ukuta unaoelekea kaskazini. Desemba jua la Kilwa linapita upande wa kusini kutwa nzima, kwa hiyo ukuta ule uko kivulini na nyuma yake anga inawaka. Mwezi wa sita na wa saba jua liko kaskazini, na ukuta huo huo unapigwa jua usoni. Ukipata nafasi ya kurudi, nenda msimu wa kusi, asubuhi au alasiri, maji yakiwa yamejaa.

Mzee_wa_Presha
Mnamzungusha bure. Kuna programu siku hizi zinabadilisha anga kwa mguso mmoja. Weka machweo mekundu pale nyuma, mteja atasahau hata chakula.

KusiNaKaskazi
Mkuu, jua lizame kusini?? Mgahawani hatakosekana mtu wa Kilwa, na yeye ndiye atakayeanza kucheka. Tena ukuta uko kwenye kivuli cha buluu halafu anga nyekundu, hata mtoto ataona havikai pamoja.

FundiPicha
Naungana na hapo juu. Anga iache hiyo hiyo, shusha ung'avu wake kidogo tu. Sehemu iliyoungua kabisa hairudi, lakini kingo za mawingu huwa zinajitokeza.

Kazi kubwa iko kwenye ukuta. Inua vivuli kidogo kidogo, na ukiona chengachenga zimeanza kujitokeza ndani ya mlango, rudi nyuma hatua moja. Ule ubuluu unatoka angani, ndiyo rangi ya kivuli chochote mchana. Usiipashe joto picha nzima, bahari itageuka chai. Snapseed ina brashi ya joto la rangi. Vuta picha karibu, paka ukuta peke yake, kwa kiwango cha chini, mara mbili mbili. Lengo ni kijivu chenye umanjano wa chokaa kuukuu. Zile alama nyeusi za kuvu zinazoshuka kutoka juu ya kuta ziache, ndizo zinazoonyesha umri. Na usiguse kitelezi cha kukoleza rangi mpaka mwisho kabisa. Mimi mara nyingi nikifika huko naona hakina kazi.

KoroshoMbichi
Ukiandika maelezo chini ya picha, usiseme tu "ngome ya Wareno 1505". Wareno waliondoka 1512, na sehemu kubwa ya kinachosimama sasa ni kazi ya Waomani.

BintiLindi
Asanteni sana wakuu. Nimepata ya asili, 4000 kwa 3000. Nimekata maji kidogo, nimepaka ukuta kwa brashi, sasa mpaka viungo vya mawe vinaonekana. Anga nimeiacha. Yule jamaa nimemfuta. Toleo jipya hili hapa, nipeleke kwa mchapaji?

FundiPicha
Ukuta umekaa vizuri mno, hongera. Ila jamaa umemfuta nchi kavu tu, taswira ya boya lake la njano bado inang'aa kwenye maji.

Mzee_wa_Presha
😂😂 Mrudisheni mtu wa watu. Bila yeye hata ukubwa wa jengo haujulikani.

BintiLindi
Nimemrudisha. Kesho napeleka kuchapa.